Maswali ya Wasomaji: Tathmini ya Kozi Inapohamia Mtandaoni

Barua nyingi za safari hii zimetoka vyuo vikuu, na karibu zote zinazungumzia jambo moja. Fomu ya karatasi ambayo wanafunzi waliijaza mwishoni mwa mhula kumtathmini mhadhiri na kozi yake sasa imehamishiwa kwenye simu na kompyuta, na mambo hayaendi kama ilivyotarajiwa. Tumechagua barua saba. Majina ya vyuo tumeyaondoa.

Chuo chetu kina wanafunzi 8,000 hivi, kila mmoja anasoma kozi 6 kwa mhula. Tulipotumia karatasi tulipata robo tatu ya darasa. Mhula uliopita tulituma kiungo kwenye barua pepe za wanafunzi, hatukufika hata theluthi. Menejimenti inasema turudi kwenye karatasi. Mnashaurije? (Mratibu wa uthibiti ubora, Morogoro)

Msirudi, lakini pia msiendelee hivyo hivyo. Mporomoko mlioupata ni wa kawaida. Mwaka 2008 Duncan Nulty wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, alilinganisha tafiti zilizokuwepo akakuta fomu za karatasi zikijibiwa kwa wastani wa asilimia 56 na za mtandaoni asilimia 33. Kwa hiyo wanafunzi wenu hawana uvivu wa pekee.

Kilichowapa ile robo tatu hakikuwa karatasi. Zilikuwa dakika kumi na tano za kipindi: wanafunzi wameketi, fomu inapita mkononi, kila mtu anajaza kwa sababu jirani yake anajaza. Mlipohamia mtandaoni mliondoa karatasi na zile dakika pia, mkabakiza barua pepe ya chuo ambayo wanafunzi wengi hawaifungui mpaka wasikie matokeo yametoka. Rudisheni dakika, karatasi iacheni.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Katika mhula wa wiki 15, fungueni tathmini wiki ya 12 na kuifunga baada ya siku 14, kabla mtihani wa kwanza haujaanza. Mkichelewa mkaingia kwenye mitihani, mwanafunzi ataupima ugumu wa mtihani badala ya ufundishaji. Mkiacha dirisha wazi kwa mwezi mzima, kila mtu atasema nitajaza kesho. Mhadhiri atangaze kipindi kimoja kabla kwamba kipindi kijacho kutakuwa na tathmini, wanafunzi waje na simu zenye chaji. Siku yenyewe dakika 15 zitengwe MWANZO wa kipindi. Zikiwekwa mwisho, nusu ya darasa iko mlangoni. Mhadhiri aandike ubaoni anwani fupi ya ukurasa, aoneshe na msimbo wa kuskani kama kuna projekta, kisha atoke nje. Mwakilishi wa darasa amwite muda ukiisha. Kutoka kwake si adabu tu. Mwanafunzi aliyeketi safu ya mbele hawezi kuandika ukweli huku mhusika akipita nyuma ya bega lake.

Baada ya hapo tumeni vikumbusho vitatu: siku ya kufungua, katikati, na saa 48 kabla ya kufunga. Viende kwa wasiojaza tu, na vipitie ujumbe mfupi wa simu au kundi la WhatsApp la darasa. Ujumbe wenye jina la mhadhiri mwenyewe husomwa kuliko ule unaotoka kwa "Kurugenzi".

Punguzeni pia maswali. Maswali 25 kwa kozi 6 ni maswali 150 kwa mtu mmoja. Kufikia kozi ya tatu anabonyeza bila kusoma. Maswali 10 ya kuchagua na mawili ya kuandika yanatosha.

Menejimenti ikisisitiza karatasi, wapeni hesabu hii. Wanafunzi 8,000 kwa kozi 6 ni fomu 48,000, yaani rimu 96 hata kama kila fomu ni karatasi moja. Kuingiza fomu moja kwenye kompyuta kukichukua dakika moja tu, ni saa 800: karani mmoja, saa 8 kwa siku, siku 100 za kazi. Mhadhiri atapata maoni ya wanafunzi wake mhula mwingine ukiwa unakaribia kwisha.

Chuoni kwetu huoni matokeo ya mtihani mpaka ujaze tathmini za kozi zote. Wengi tunabonyeza "nne" kuanzia juu mpaka chini ili tupite. Je, hii ni haki? (Mwakilishi wa darasa, Dodoma)

Umeueleza ubovu wa njia hiyo vizuri kuliko ambavyo tungeueleza sisi. Kuzuia matokeo hupandisha idadi ya wanaojibu karibu na wote, ndiyo maana vyuo huipenda. Lakini data inayoingia huchanganyika na majibu ya kupitia njia tu, na hakuna awezaye kuyatenganisha yote. Baadhi hujulikana: maswali 20 yaliyojibiwa kwa chini ya sekunde 30, au jibu lile lile hata kwenye swali lililogeuzwa makusudi, kama "Vipindi viliahirishwa bila taarifa". Mtu aliyekubali kwamba mhadhiri hufika kwa wakati na pia kwamba huahirisha bila taarifa hakusoma.

Tatizo la pili ni wakati. Kwa kuwa kufuli liko kwenye matokeo, wengi hujaza baada ya mtihani, siku matokeo yanapotoka, tena wakiwa na haraka. La tatu ni imani: unaingia kwa namba ya usajili ile ile utakayoonea alama zako, halafu unaambiwa jina lako halionekani. Mwanafunzi mwenye akili timamu atatilia shaka.

Ushauri wetu kwa vyuo ni kuweka kwenye kila kozi kitufe cha "Sitatathmini kozi hii", na atakayekibonyeza afunguliwe njia sawa na aliyejaza. Asiyetaka kusema aondoke bila kuchafua takwimu. Kufuli, kama lazima liwepo, licheleweshe matokeo kwa siku chache tu, na kamwe lisiguse usajili wa mhula wala kibali cha kufanya mtihani. Serikali yenu ya wanafunzi inaweza kupeleka hoja ya kitufe hicho kwenye Seneti mhula huu huu. Ni kazi ndogo kwa mtaalamu wa mfumo.

Nimepewa kazi ya kutengeneza mfumo. Wahadhiri wanataka kila mwanafunzi ajibu mara moja tu, wanafunzi wanataka wasijulikane. Nawezaje kutimiza yote mawili? (Afisa TEHAMA, Mombasa)

Kwa kutenganisha swali la "nani amejibu" na swali la "amejibu nini", na kuhakikisha hakuna uzi unaoyaunganisha. Unahitaji majedwali mawili kwenye hifadhidata. La kwanza lina namba ya usajili, msimbo wa kozi na alama ya ndiyo au hapana. La pili lina majibu na msimbo wa kozi, basi. Mwanafunzi akituma, mfumo unaweka "ndiyo" kwenye la kwanza na majibu kwenye la pili, pasipo ufunguo wowote wa pamoja.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo siri huvuja. Angalia mambo manne. Kwanza muda: jedwali la kwanza likisema Asha alijaza saa 4:12:07 na la pili likiwa na jibu la saa 4:12:07, umemtaja Asha. Usihifadhi saa kwenye lolote kati ya hayo mawili. Pili mpangilio: hata bila saa, safu ya 37 hapa inaweza kulingana na safu ya 37 kule kama namba zinapanda kwa zamu. Tumia vitambulisho vya kubahatisha na uchanganye safu kabla ya kutoa nakala yoyote. Tatu ni kumbukumbu za seva, ambazo huandika anwani ya kifaa na saa ya kila ombi. Zima uandikaji huo kwa kurasa za tathmini au zifute kila siku. Nne ni maswali yenyewe. Ukiuliza jinsia, mwaka wa masomo na programu katika darasa la watu 12, huhitaji kudukua chochote kumjua msichana pekee wa mwaka wa tatu.

Kama hutaki kujenga mwenyewe, LimeSurvey, programu ya kuendesha madodoso mtandaoni, inafanya kazi hii kwa tokeni, yaani msimbo wa pekee wa kila mtu: kila mwanafunzi hupata kiungo chake, na ukiwasha chaguo la majibu yasiyotambulisha mjibu, majibu hayaunganishwi na tokeni. Liwashe kabla ya kuzindua dodoso, kwa sababu baada ya hapo halibadilishwi. Ukiona majibu yote yana tarehe ya 1 Januari 1980 usishtuke. Mfumo huweka tarehe hiyo ya bandia ili saa halisi isimfichue mtu. Gharama yake ni kwamba mwanafunzi aliyekatikiwa mtandao katikati hawezi kurudi kwa tokeni yake akaendelea pale alipoishia, na hiyo ni sababu nyingine ya kufanya dodoso liwe fupi. Zima pia uhifadhi wa anwani za vifaa.

Fomu za Google zina urahisi wake kwa kozi moja, lakini kuwa mwangalifu. Kiungo cha wazi hujibiwa na yeyote na mara yoyote, na ukiweka sharti la jibu moja kila mtu atalazimika kuingia kwa akaunti yake. Hakikisha ukusanyaji wa barua pepe umezimwa, na ujue kwamba saa ya kila jibu itaonekana kwenye jedwali.

Kuhusu ripoti, weka sheria ndani ya programu yenyewe badala ya kuiachia busara ya mtu: chini ya majibu 5, mhadhiri asioneshwe takwimu, na chini ya majibu 10, maoni ya kuandika yapitie kwanza kwa mratibu wa ubora. Ripoti isifunguke kwa yeyote mpaka alama za mtihani ziwe zimewasilishwa. Wanafunzi wakilijua sharti hilo la mwisho huandika kwa uhuru zaidi, kwa hiyo liandike juu ya ukurasa wa kwanza.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jedwali lako la kwanza lina taarifa binafsi, hivyo mshirikishe mapema afisa wa chuo anayeshughulikia sheria hizo. Kisha waambie wanafunzi ukweli mtupu. Kama msimamizi wa seva anaweza, kwa kutaka, kujua nani aliandika nini, usiandike "hutambuliki". Andika nani anaweza kuona na chini ya masharti gani.

Darasa langu lina wanafunzi 30. Wanne tu ndio waliojaza, nikapewa wastani wa 2.5 kati ya 5, na mkuu wa idara ameuweka kwenye faili langu la kupandishwa cheo. Nifanye nini? (Mhadhiri, Nairobi)

Omba kwa maandishi upewe mgawanyo wa majibu badala ya wastani. Majibu manne ya 1, 1, 4 na 4 hutoa 2.5, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuona wa kati kwa kati: wawili waliridhika, wawili walikasirika. Angekuja wa tano akatoa 5, wastani ungeruka hadi 3.0. Namba inayopanda nusu nzima kwa mtu mmoja haifai kumpandisha wala kumshusha mtu cheo.

Kwa hesabu ya kawaida ya sampuli, ukitaka asilimia utakayoipata isipishane na ya darasa zima kwa zaidi ya pointi 10, kwa uhakika wa asilimia 95, darasa la watu 30 linahitaji majibu 24. Darasa la 100 linahitaji 50, la 300 linahitaji 73, na la 600 linahitaji 83. Darasa dogo linahitaji karibu kila mtu, na kubwa linaridhika na sehemu ndogo. Kwa hiyo chuo kinachoweka kiwango kimoja, tuseme asilimia 40 kwa madarasa yote, kinawaonea wenye madarasa madogo. Hesabu hiyo nayo inadhani waliojibu wametokea kwa bahati nasibu, jambo ambalo si kweli mtandaoni, ambako mwenye hasira na mwenye mapenzi hujaza kwanza.

Mkuu wa idara akisema mtandao umeshusha alama za wahadhiri wote, hilo halina msingi thabiti. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta waliojibu mtandaoni ni wachache zaidi lakini wastani wa alama haukuathirika. Shida ni uchache.

Lipo na suala zito zaidi, ambalo karatasi haikulitatua pia. Mwaka 2015 Lillian MacNell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walichapisha jaribio la kozi ya mtandaoni ambapo wasaidizi wawili wa kufundisha, mwanamke na mwanamume, kila mmoja alifundisha kundi moja kwa jina lake na lingine kwa jina la mwenzake. Jina la kiume lilipata alama za juu, yeyote aliyekuwa nyuma yake. Mwaka 2018, katika mgogoro wa Chuo Kikuu cha Ryerson mjini Toronto, ambacho sasa kinaitwa Toronto Metropolitan, msuluhishi William Kaplan aliamua kwamba alama za wanafunzi zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo na kuthibitisha ajira. Uamuzi huo hauwabani Kenya, lakini hoja zake zinasomeka vizuri mbele ya kamati yoyote.

Mwanafunzi ni shahidi mzuri wa anachokiona: kama mpango wa kozi ulitolewa wiki ya kwanza, kama kazi zilirudishwa zikiwa na maelezo, kama vipindi vilifanyika, kama sauti ilifika nyuma ya ukumbi. Hawezi kuthibitisha kwamba mhadhiri "ana ujuzi wa kina wa somo". Swali kama hilo likiwamo kwenye dodoso lenu, pendekeza litolewe, na badala yake mhadhiri mwenzako akae darasani mwako akutathmini.

Kampasi yetu iko mbali na mji. Mtandao ni wa kusuasua na wapo wenye kitochi. Tunafikiria kutumia menyu ya nyota na reli (ile ya kupiga * na # bila intaneti). (Mratibu wa kampasi)

Menyu hiyo inawezekana, ila ina mipaka migumu. Skrini moja haizidi herufi 182, majibu yakiwa ndani yake, na kikao hukatika mtumiaji akichelewa. Katika kikao kimoja yanakaa maswali matano mafupi, na maoni marefu hayaandikiki. Kubwa zaidi, namba ya simu hufika kwenye mfumo kwa kila jibu, kwa hiyo siri yote inategemea aliyeiandika programu. Tungeiweka mwisho.

Anzeni kwa kupunguza uzito wa ukurasa: hakuna nembo kubwa, hakuna picha, kilobaiti zisizozidi 100 kwa dodoso zima, na majibu yatumwe kwa mkupuo mmoja. Ombeni mtandao wa simu mnaoshirikiana nao uruhusu anwani hiyo bila kula bando. Katika ukumbi msitarajie kisambaza Wi-Fi kimoja kibebe watu 200 wanaoingia kwa dakika moja. Gawanyeni darasa kwa safu, kundi moja likijaza huku jingine likiendelea na zoezi. Wenye kitochi wapewe saa maalumu kwenye kompyuta za maktaba. Msiwaambie waazime simu ya rafiki, maana ataona wanachoandika.

Halafu jaribuni kwa simu ya bei nafuu kabisa, si kwa kompyuta ya ofisini. Jedwali pana la "Nakubali kabisa" hadi "Sikubali kabisa" lililotoka vizuri kwenye karatasi hukatwa pembeni kwenye skrini ndogo, mwanafunzi haoni chaguo la mwisho, na takwimu zenu zinaelemea upande mmoja bila mtu kujua sababu. Panga chaguo kwa kushuka chini, swali moja moja.

Dodoso liwe kwa Kiswahili au Kiingereza? (Msomaji, Zanzibar)

Maswali yawe kwa lugha zote mbili, mwanafunzi achague. Kwenye sehemu ya maoni mwambie wazi kwamba anaweza kuandika kwa Kiswahili hata kama kozi inafundishwa kwa Kiingereza. Mpangilio wa chaguo usibadilike kati ya lugha: "1" iwe ile ile pande zote.

Tunahamia mhula ujao. Je, tuendeshe karatasi na mtandao kwa pamoja ili tulinganishe? (Naibu mkuu wa ndaki, Kampala)

Ndiyo kwa mhula mmoja, lakini kamwe si ndani ya darasa moja, kwa sababu wapo watakaojaza kote kuwili na wapo watakaodhani mwenzao amejaza kwingine. Gawanyeni kozi: nusu ya kila idara karatasi, nusu mtandao, kwa kura, na kila kundi liwe na madarasa makubwa na madogo. Msimwachie mhadhiri achague, maana wanaojiamini watajitokeza kwanza mtandaoni na mtadhani mtandao ndio uliopandisha alama.

Msibadilishe maswali mhula huo huo. Tunajua hamu ni kubwa ya kusafisha dodoso la zamani mnapohama, na hapo juu tumesema lipunguzwe. Lakini mkibadilisha chombo na maswali kwa pamoja, tofauti itakayojitokeza hamtajua imetoka wapi. Fupisheni mhula mmoja kabla, mkiwa bado kwenye karatasi, au mhula mmoja baada.

Fomu za zamani zenye maoni ya mkono msizipeleke kwa wahadhiri zilivyo wala kuziskani mkazituma. Katika darasa dogo mwandiko hutambulika kirahisi, kwa sababu mhadhiri amesahihisha kazi za wanafunzi hao mhula mzima. Maoni yachapwe na karani asiye wa idara hiyo, yachanganywe, na karatasi ziharibiwe chini ya usimamizi mara tu uhakiki wa uchapaji utakapokamilika.